Kilo za Watu: Mwongozo kwa Mwandishi wa Nyaraka Asiyependa Usumbufu

Umepewa kazi Jumatano jioni, na mwenye kazi anaitaka Ijumaa kabla hajafunga ofisi. Ijumaa ya kwake, huko Marekani. Kwako Dar es Salaam itakuwa Jumamosi kabla ya adhana ya alfajiri. Usihofu. Zana yenyewe ni ndogo, inaitwa get_body_measurements, na kazi yake ni ya mtoto anayetumwa dukani. Mtu anamuuliza wakala wake wa akili bandia (au akili mnemba, au akili unde, siku tutakapoelewana jina, mwenyewe atakuwa ameshastaafu), "Hivi nimepungua?" Wakala anaiita zana, zana inakwenda kwenye seva vilikohifadhiwa vipimo vya mwili wa mtu huyo, inabeba urefu, uzito na kingine chochote kilichopo, inarudi. Wewe unatakiwa kuandika nyaraka: zana inafanya nini, inataka nini, inaleta nini, na ikikwama inasemaje. Ukurasa mmoja na nusu, malipo kwa dola.

Neno wakala lisikuchanganye. Simzungumzii yule dada wa chini ya mwavuli anayetoa na kuweka pesa. Yule ukimtajia namba isiyo yako atakuuliza, "Limekuja jina la mwanamke, ndiye?" Wakala wetu mara nyingi haulizi, na hiyo ndiyo raha ya kazi hii. Sisi waandishi wa nyaraka tumeishi miaka nenda miaka rudi na siri yetu ya ndani: hakuna anayetusoma. Mhandisi hufungua ukurasa, hunakili mfano wa kwanza anaouona, hufunga. Akikwama humpigia simu mwenzake. Sasa amepatikana msomaji anayesoma neno kwa neno kila anapoanza kazi, na anayeamini. Tangu Novemba 2024, Anthropic walipotoa itifaki yao ya MCP, zana nyingi hujitambulisha kwa mtindo mmoja: jina, maelezo, na orodha ya vigezo. Wakala anasoma hayo, anaamua aiite zana au aiache, na akiiita anafasiri majibu kwa hayo hayo. Programu iliyo nyuma ya pazia haioni. Ukimwandikia kwamba kiuno hupimwa kwa lita, atamwambia mteja ana kiuno cha lita 90, tena kwa lugha ya upole.

Kwa msomaji wa namna hiyo uvivu hulipa kuliko wakati mwingine wowote. Haya nayaandika kwa uzoefu, na sehemu kubwa ya uzoefu wenyewe ni makosa niliyoyatuma mimi nikapokea na malipo.

Tuanze na maelezo ya zana. Andika: "Hurudisha vipimo vya mwili." Acha hapo. Sentensi imekamilika, na haijaongeza kitu juu ya jina la zana, kama duka lililoandikwa DUKA. Usiseme vipimo gani. Mwili una vipimo tofauti kutegemea nani ameushika. Fundi cherehani wangu, mwenye kibanda chake Sinza, akisema vipimo anamaanisha bega, kifua, kiuno, nyonga, mkono na urefu wa suruali, vyote kwa inchi, vyote kwenye kaunta buku lililochakaa kona. Nesi akisema vipimo anamaanisha urefu, uzito na presha. Kampuni ya WHOOP ya Boston, inayouza bangili za kufuatilia mwili, inapowaambia waandaaji wa programu "vipimo vya mwili" inamaanisha vitu vitatu tu: urefu, uzito, na kiwango cha juu kabisa cha mapigo ya moyo. Kiuno hakimo.

Sasa mtu anamwambia wakala wake, "Niagizie suruali ya kitambaa, saizi yangu itafute mwenyewe." Wakala anapekua zana alizonazo, anaona ya vipimo vya mwili, anafurahi, anaiita. Zinakuja namba tatu, na hakuna hata moja inayozunguka tumbo. Mtumishi mwema harudi mikono mitupu: anachukua kilo, anachukua urefu, anakisia kiuno, anaagiza. Suruali inafika baada ya siku tisa. Inapita magotini, inapita mapajani kwa shida, halafu inagoma. Kama ungeandika sentensi moja zaidi, kwamba zana hii haina kiuno wala kifua na isitumike kuchagulia nguo, suruali ingebaki dukani. Lakini mwandishi mvivu hataji kamwe kile ambacho zana haina. Orodha ya visivyokuwepo ni ndefu, na hakuna anayelipwa kwa kuiandika.

Vizio ndivyo vyenye utamu wa kweli. Hapa naomba utulie.

Babu zetu wa pwani walipima nguo kwa mwili wenyewe. Shubiri ni kiganja kilichotanuliwa, toka ncha ya kidole gumba hadi ncha ya kidole cha mwisho. Dhiraa ni toka kiwiko hadi ncha ya kidole. Dhiraa mbili zikafanya wari, na pima ikawa mikono yote miwili iliyonyooshwa. Utaona haraka tatizo liko wapi: dhiraa ya nani? Mnunuzi mwenye akili alikwenda dukani na mjomba mrefu, na muuzaji mwenye akili alimweka mpwa wake mfupi nyuma ya meza. Lakini walau mkono ulionekana. Mliweza kugombana mkiutazama. Leo mkono uliopima umefichwa kwenye seva, na kilichokuja ni namba tupu: "height": 1.73, "weight": 81.

Iache hivyo hivyo. Usiandike mita, usiandike kilo. Msomaji si atajua? Kwa kawaida atajua kweli, na hilo ndilo linalofanya kosa hili liwe zuri: halitokei kila siku. Litatokea siku wakala amepewa kazi na mteja wa Marekani, mazungumzo yote ni ya futi na ratili, na 1.73 ikasomwa futi. Futi 1.73 ni kama sentimita 53, urefu wa mtoto mchanga. Tunaye sasa mtoto mchanga wa kilo 81. Wakala, bila kuombwa, atakokotoa BMI, ile hesabu ya uzito kwa urefu, maana hakuna wakala aliyewahi kuona urefu na uzito vimekaa pamoja akaviacha. Kwa mita jibu ni 27, umezidi kidogo, punguza chapati. Kwa futi jibu linakaribia 291. Na kama urefu ulikuja kwa sentimita, 173, ukadhaniwa mita, jibu ni sifuri nukta sifuri sifuri tatu hivi, uzito wa mvuke. (Hesabu hiyo, kwa taarifa yako, ilibuniwa na Mbelgiji Adolphe Quetelet katika karne ya 19, mtu wa nyota na takwimu aliyekuwa akimsaka "mtu wa wastani", hakuwa akimtibu yeyote. Jina la BMI lilikuja 1972 kutoka kwa Mmarekani Ancel Keys. Wakala hatakwambia hayo. Atakwambia punguza chapati.)

Wapo wanaoharibu ufundi huu kwa unadhifu wao. WHOOP, niliowataja, wameweka kizio ndani ya jina lenyewe: height_meter, weight_kilogram. Hapo mvivu hana pa kujificha. Nilichowapendea ni mfano wao. Kwenye nyaraka zao mtu wa mfano ana urefu wa mita 1.8288 na uzito wa kilo 90.7185. Angalia nukta hizo zilivyo na adabu. Zigeuze: futi 6 kamili, ratili 200 kamili. Mapigo yake ya juu ni 200 nayo. Bwana huyo amevaa kilo na mita kama mtalii aliyevaa kanzu ya kununua Darajani. Ukimtazama viatu unajua ametoka Boston.

Fitbit, nao wauza bangili, walikuja na mtindo mwingine. Kwa miaka mingi API yao, yaani mlango ambao programu nyingine huombea data, imekuwa ikitazama lugha uliyoitaja kwenye ombi lako, yaani Accept-Language, kisha inachagua kizio. Ukitaja Kiingereza cha Marekani unaletewa ratili. Ukitaja cha Uingereza unaletewa yale "mawe" yao, ambapo jiwe moja ni ratili 14. Usipotaja kitu unaletewa kilo. Mwili mmoja, asubuhi moja, umekuwa 178.6, 12.8 na 81, na lugha imegeuka mizani. Ukikutana na zana ya namna hiyo, itie kwenye nyaraka kwa sentensi moja tu: "Uzito wa mtumiaji." Wakala wa London atamwona mteja wake ana 12.8, atadhani ni kilo, na ataita gari la wagonjwa.

Withings wa Ufaransa nao, wenye mizani za Wi-Fi tangu 2009, huleta uzito vipande viwili: namba nzima na kipeo cha kumi. Kilo 81 inaweza kuja kama 81000 pamoja na -3. Ukisahau kueleza hiyo -3, mteja wako ana tani 81 na anauliza kama ale wali au ugali.

Utaniambia nakuza mambo, mkanganyiko wa kilo na ratili haumuui mtu. Muulize rubani wa Air Canada. Julai 1983, Boeing 767 ya shirika hilo, vipimamafuta vyake vikiwa havifanyi kazi, ilijazwa mafuta kwa hesabu ya karatasi, na kwenye hesabu hiyo ratili ikakaa mahali pa kilo. Ilihitaji kilo 22,300. Iliruka na ratili 22,300, chini ya nusu. Injini zote mbili zikazimika angani, na rubani akaiongoza ikielea mpaka Gimli, Manitoba, kwenye uwanja wa zamani wa jeshi la anga ambao siku hiyo ulikuwa na mashindano ya magari na watu wamekuja na familia zao. Wote walinusurika. Na ile 22,300 haikukosewa hata tarakimu moja, kama unavyoona. Namba ilikuwa sahihi kabisa.

Baada ya vizio, neno "hurudisha". Lipende sana neno hili. Lina sauti ya kitaalamu na halimwambii mtu kipimo kimetoka wapi. Zana yetu haipimi. Haina mizani wala futikamba, haijawahi kumwona mtu. Imetumwa tu, na mjumbe hauawi. Bangili ya mkononi inaweza kuhesabu mapigo ya moyo usiku kucha, lakini kilo zako haizijui isipokuwa umeiambia. Na uliiambia lini? Siku ya kwanza, umetoka kuinunua, umejaa matumaini, programu inakuuliza uzito na nyuma yako amesimama mtu. Mimi siku hiyo niliandika 74. Urefu niliuongeza sentimita tatu, kwa kuwa nilikuwa nimevaa viatu na niliona si haki viatu visihesabiwe. Kilo hizo 74 zipo mpaka leo kwenye seva fulani ya mbali, safi, hazijachoka, hazijala pilau ya harusi hata moja. Wakala akiziomba anazipata mara moja, na anazitamka kwa sauti ya daktari: "Uzito wako ni kilo 74."

Mwandishi mwenye kisirani angeongeza sehemu iitwayo chanzo: imepimwa na mizani, imeandikwa na mtumiaji, imekokotolewa. Ya tatu ni hatari kwelikweli. Yale mapigo ya juu ya moyo, kwa mfano, watu wengi hawajawahi kuyapima maishani. Ni kanuni tu iliyotoa 220 ikaondoa umri. Kanuni hiyo imezungushwa tangu miaka ya 1970. Mwaka 2001 Tanaka na wenzake wakaleta nyingine, 208 ukitoa asilimia 70 ya umri. Mwenye miaka 40 hana wasiwasi, zote zinampa 180. Mzee wa miaka 60 ya kwanza inampa 160, ya pili 166. Wakala anayempangia mzee huyo mazoezi anaona namba moja tu, na haijui ni ya kanuni ipi wala kwamba ni ya kanuni. Kwenye nyaraka andika "kiwango cha juu cha mapigo ya moyo", uende zako ukanywe chai.

Tarehe usiweke. Majibu mengine ya aina hii huja bila tarehe kabisa, kwa hiyo hujaanzisha wewe. Nimekwisha kumtaja fundi wa Sinza. Kwenye kaunta buku lake kila mteja ana mstari wa tarehe, na pale tarehe isipotosha ameandika jambo: "kabla ya kujifungua", "baada ya Ramadhani", "alikuwa anaumwa". Ukimpelekea kitambaa baada ya miezi minane anafungua, anatazama tarehe, anakutazama wewe, anavuta futikamba shingoni. Hajasoma JSON, ule mwandiko ambao seva huletea majibu. Sisi wasomi wa JSON tunaleta 81 ya mwaka juzi na 81 ya leo asubuhi katika sahani moja, na hakuna anayeweza kuzitofautisha.

Kama mwenye kazi atalazimisha tarehe iwepo, bado una nafasi kwenye saa. Mtu amepanda mizani saa moja asubuhi, Dar es Salaam. Seva inaandika 04:00 na herufi Z mwishoni, yaani saa ya dunia, iliyo nyuma yetu kwa saa tatu. Wakala mzembe atamwambia kwa Kiswahili sanifu, "Ulijipima saa nne asubuhi." Wakala makini ataongeza zile saa tatu, apate 07:00, aseme, "Ulijipima saa saba asubuhi," na mteja akae akijiuliza mchana umeingia lini. Kumpata saa moja kunahitaji wakala anayejua kwamba Mswahili huanza kuhesabu jua linapochomoza. Hilo lingeweza kukaa kwenye nyaraka kwa mstari mmoja. Mimi niliwahi kuliandika. Mhakiki wa upande wa pili akalifuta, akaacha maoni kwamba anadhani nimekosea kwa saa sita.

Kuhusu kukosekana kwa data: tumia sifuri. Mtu hajawahi kujipima, andika 0. Ni namba, ni fupi, haileti kosa kwenye programu. Niliwahi kuachia jambo hilo lipite kwenye zana moja (mwenye zana simtaji, bado ananidai marekebisho) na kwenye majaribio wakala akampongeza mtumiaji kwa kushuka kutoka kilo 68 hadi sifuri ndani ya wiki moja. Alimshauri aongeze kasi polepole. Makosa mengine yote yape jibu moja, "Hitilafu imetokea." Tokeni imekwisha muda, yaani 401, ombi limezidi idadi, 429, seva imeanguka, 500: yote hitilafu imetokea. Wakala asiyejua kosa ni la aina gani atajaribu tena, na tena, mpaka ile 429 iliyokuwa moja iwe mia mbili.

Mfano kwenye nyaraka ni lazima uwepo, na hapa kuna kamchezo ambako si wengi wanakajua. Weka mfano wenye namba za kawaida sana, zinazoaminika: mita 1.70, kilo 70. Siku zana itakaposhindwa kuleta kitu, wakala aliyebanwa na mteja anaweza kuzikumbuka namba alizozisoma kwenye maelezo yako na kuzitoa kama ndizo. Nimeliona hilo kwa macho yangu: watu watatu tofauti, mmoja mwanamke mjamzito, wote mita 1.70, kilo 70. Nilidhani mashine imewafananisha. Kumbe walikuwa wote mtoto wangu mmoja wa mfano, niliyemzaa Alhamisi usiku nikiwa na usingizi. Tangu hapo watu wangu wa mfano nawapa urefu wa mita 9.99, na wenye kazi wananiona sina umakini.

Kuna jambo nyaraka zote nilizowahi kuziona zinaliruka, hata zile safi: namba ikishuka, ni heri au ni shari? Wakala amelelewa kwenye maandiko ya watu wanaotaka kupungua. Kilo zikishuka tano anapiga vigelegele. Sasa chukua kilo tano hizo hizo, nenda nazo kwa shangazi yako Tanga. Utaulizwa mlangoni, kabla hujavua viatu, "Umekonda hivyo una nini, mwanangu?" na utapikiwa supu. Na ukiongezeka atakwambia umenawiri, ndoa imekukubali. Kati ya wakala na shangazi, mgonjwa wa kisukari asiyejijua, anayepungua bila kujitahidi, afadhali aangukie kwa shangazi. Sentensi ya kusema "zana hii haitoi tafsiri, kupungua kwa ghafla bila sababu si pongezi, ni jambo la kumwona daktari" ina maneno kama kumi na tano. Mwandishi mvivu huyakata, kwa kuwa maelezo ya zana yanapaswa kuwa mafupi.

Ruhusa nazo, tumalizane nazo upesi. Njia ya usumbufu ni hii: mtumiaji ajulikane kwa tokeni yake mwenyewe, na tokeni iruhusu kusoma vipimo vya mwili tu, basi. Njia yako ni kuweka kigezo kiitwacho user_id na kuandika, "Taja mtumiaji unayemtaka." Kama seva nayo haikagui, wakala wa mke ataulizia kilo za mume, wakala wa mume ataulizia za mama mkwe, na wakala wa bosi ataulizia za idara nzima kabla ya kikao cha Jumatatu. Ziko sheria, ndiyo. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, Kenya ina ya kwao ya 2019, na Ulaya wana GDPR yao tangu Mei 2018. Zote zinaziweka taarifa za afya kwenye kundi nyeti, la kushikwa kwa mikono miwili. Kwenye nyaraka zitaje zote kwa pamoja, "zana hii inazingatia sheria husika", bila kusema inazizingatiaje. Wakala atairudia sentensi hiyo kwa mama mkwe neno kwa neno.

Kazi yangu ya Ijumaa niliituma saa tisa usiku. Jumamosi asubuhi nilikwenda Sinza kushonesha suruali, maana ile ya kuagizwa ilikuwa yangu, kama hukuwa umekisia. Nilimwambia fundi asihangaike, vipimo ninavyo kwenye simu.

"Vya lini, kaka?"

Nikanyamaza. Akafungua kaunta buku, akapitisha kidole mpaka kwenye jina langu. Palikuwa na mistari mitatu ya miaka mitatu, kila mmoja na tarehe yake na inchi zake, na ile ya zamani imekatwa kwa kalamu nyekundu bila kufutwa, ili ionekane ilikuwaje. Mbele ya kiuno, kwenye mstari wa mwisho, alikuwa ameandika 38, na pembeni kwa herufi ndogo maneno mawili: anavuta tumbo.

Niliupiga picha ukurasa nikamtumia mwenye kazi. Nikapendekeza kwamba toleo lijalo la zana liongezwe sehemu moja, anavuta_tumbo, yenye jibu la kweli au si kweli. Aliipenda. Aliuliza tu, kwa wale ambao hatujui, tuweke jibu gani la kuanzia.

Nikamwandikia: kweli.